Kioo cha Paa Kimegoma

Jumatatu, 4 Machi
Nailoni niliyozibia paa la gari imeng'oka tena kwa mvua nikitoka shuleni. Kiti cha nyuma kimelowa chapachapa. Kioo cha paa kimegoma kufunga tangu Ijumaa. Fundi wa hapa Kilosa kabadilisha fyuzi, kapima swichi. Anasema mota imekufa, na ya aina hii hajawahi kuifungua. Alhamisi nampeleka mama hospitali Morogoro. Kifua. Hawezi kunyeshewa. Fundi akasema yupo mtu Mikumi anayeziweza. Nilijua ni nani kabla hajamtaja.

Jumanne, 5 Machi
Sitaki kwenda. Elisha alikuwa mume wangu miaka tisa. Baba alipofariki hakuja. Kala kwa baba yangu miaka yote ile, hata koleo la udongo hakushika. Tukaachana mwaka uleule.
Mama amekohoa tangu alfajiri. Nimempigia Elisha. Ana mota ya mtumba inayofanana. Kasema niende kesho.

Jumatano, 6 Machi
Mikumi. Salamu ya midomo tu. Alishusha kitambaa cha dari, akaitoa mota. Meno ya gia yamelika yote. Akaanza kukisukuma kioo kwa mkono, taratibu, hadi kikafunga. Nikamwambia anachelewa makusudi. Akasema mota ikifungwa kioo kikiwa wazi, kitakwenda upande. Hakunitazama.
Nikamtolea yote.
"Baba yangu ulimwacha azikwe na watu baki."
Aliweka bisibisi chini. Akaiokota, akamalizia kuifunga ile mota ya mtumba.
"Bonyeza swichi," akasema. "Usiachie mpaka kifike mwisho."
Nikabonyeza. Kioo kikaenda, kikarudi, kikafunga. Akauliza mama anaendeleaje. Nikawasha gari.
Namchukia. Nimefurahi kumwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua kubwa tangu Rudewa. Ndani hakuna hata tone. Mama akagusa dari, akauliza nani katengeneza. Nikamtaja kama mtu anayetema kitu. Tulikuwa tumepita Magole.
"Elisha alikuja msibani," akasema. "Mimi ndiye niliyemrudisha, pale njiani. Baba yako alikufa nyie mnagombana. Nikaona ni yeye aliyemvunja moyo. Nikamkataza kukanyaga, na nikamkataza kukwambia."
Nikaegesha pembeni. Sikuweza kuendesha. Miaka minne nimemsema vibaya yule mtu, na mama ananisikiliza. Nilitaka kumpigia kelele. Akaanza kukohoa.
Nikaendesha. Hospitalini nilimjazia fomu.

Jumamosi, 9 Machi
Jua. Mama ana dawa za wiki mbili, kikohozi kimepungua. Nimefua mazulia ya gari, nimeyaanika uani. Simu nimeishika mara tatu nimpigie Elisha. Bado sijui neno la kwanza liwe lipi.
Mchana nilimpelekea mama uji. Akanishika mkono. Sikuuondoa. Nikakaa hapo kitandani mpaka akapitiwa na usingizi.