Nilipotoka Kidogo, Fundi Alikuambia Nini?

Mke wangu Mama Kemilembe,

Hujambo huko uliko? Mimi nipo. Magoti yananiuma, migomba nimeipalilia upande mmoja tu, upande wa pili nimemwachia Mungu kwa sababu ulikuwa wako. Karatasi hizi kanipa Kemilembe akidhani nataka kumwandikia mchungaji. Nimemwacha adhani hivyo. Nakuandikia wewe uliyelala hapo nyuma ya nyumba, maana lile neno la siku za lori bado ninalo na nimechoka kulibeba peke yangu.

Unalijua. Kila ukiniona nimenuna bila sababu ulikuwa unasema, "Haya, fundi amerudi."

Lori letu unalikumbuka, lile la pua ndefu, mlango wa upande wako ukifungwa kwa kamba ya mgomba. Injini ilikufa wakati ule kahawa imejaa ndani mpaka tunalala na magunia, yetu na ya watu wa Kimuli waliotuamini tuwapelekee Bukoba. Ndipo nikamwita, kwa mdomo wangu huu huu, fundi Deo wa Kamachumu aje aishushe injini na kuifufua hapa hapa Ndama, uani kwetu. Mimi nilidhani fundi ni mzee mwenye kikohozi. Kumbe akaja kijana, nywele kazichana na kuzigawa njia katikati, kaptura imepigwa pasi, na meno yote anayo! Mimi la mbele lilikuwa limeshaondoka. Akakusalimia kwa Kihaya chao kile cha kupanda na kushuka kama wimbo, nawe ukacheka. Kwa salamu tu! Mimi nikikusalimia ulikuwa unacheka?

Nikaamua sibanduki. Nikaleta kigoda changu nikakiweka katikati, kati ya injini na mkeka wako. Fundi anafungua nati, wewe unanyonyoa senene, mbawa huku na miguu huku, mimi nimekaa. Wapita njia wakasema, "Baba Kemilembe, sasa unajifunza ufundi!" Nikaitikia ndiyo. Uongo mtupu. Injini sikuiangalia hata kidogo. Nilikuwa naangalia macho ya fundi. Yakielekea kwenye pistoni, napumua. Yakiinuka kuelekea mkekani, nakohoa. Nilikohoa sana majuma yale, mpaka ukanichemshia majani.

Na wewe hukunionea huruma. Senene mke anamkusanyia mumewe, huku kwetu nani hajui? Mume naye anatoa nguo, na mimi nguo nilikuwa nimeshatoa! Ulipozikaanga, sahani ya kwanza ukampa Deo.

"Mgeni ndiye anayeanza," ukasema.

"Mgeni gani huyu, hata mbwa wameacha kumbwekea?"

Ukanijibu mbele yake, bila haya, "Kula basi, Baba Kemilembe. Umechunga siku nzima, lazima una njaa."

Akacheka, senene zangu ziko mdomoni mwake.

Injini ikarudi mahali pake. Siku hiyo hiyo akaja mtu na habari kwamba baba yake Deo amefariki. Akanawa mikono, akafanya ishara yake ya msalaba ya Kikatoliki, akaniambia, "Imebaki mipira ya maji tu, mzee. Hata wewe utaifunga." Mzee! Hata wewe! Nilimpa pole ya msiba, lakini kwa shida.

Mipira midogo haikunisumbua, kila mmoja ulikuwa na unene wake na tundu lake. Taabu ilikuwa ile miwili minene. Mmoja unatoka juu ya injini kwenda juu ya rejeta, mwingine unatoka chini ya rejeta kurudi kwenye pampu. Unene mmoja, urefu mmoja, imejipinda sawasawa kama mapacha. Tofauti yake ni kwamba mmoja ndani una waya uliozungushwa, mwingine mtupu. Nikaigeuza, nikainusa. Nikapiga akili zangu zote za darasa la nne, ambalo unajua nililikaa mara mbili. Nikasema waya ni nguvu, maji ya moto yako juu, basi wenye nguvu ukae juu. Nikakaza vibano, nikapiga hendeli, injini ikanguruma, nawe ukapiga vigelegele. Nilijisikia dume siku ile! Nikajisemea, Kamachumu na wakae na fundi wao.

Tukapakia kahawa. Kilima cha kwanza tu, mvuke ukatoka kama jiko la harusi. Nikafungua boneti. Mpira wa chini ulikuwa umejinyonya mpaka umekuwa bapa, kama mashavu ya mlevi anayevuta rubisi kwa mrija na kibuyu kimeshakauka. Maji hayapiti. Nikamtukana fundi, nikautukana na ukoo wake, nikamwacha marehemu tu.

Ukashuka polepole, ukajifuta mikono kwenye kanga, ukainama kuangalia.

"Wenye waya unakaa chini," ukasema. "Kule chini pampu inanyonya, mpira mtupu unajibana. Juu maji yanasukumwa, hata mtupu unatosha."

"Umejuaje?"

"Fundi aliniambia."

"Lini? Mimi nilikuwepo muda wote!"

"Ulipokwenda kukojoa."

Mama Kemilembe! Majuma yote yale nimekaa kwenye kigoda mpaka makalio yamekufa ganzi, nikatoka mara moja tu nyuma ya migomba, na ndipo somo likafanyika! Injini ilipopoa niliibadilisha ile mipira, nikajaza maji, na lori likapanda kilima kama mbuzi. Kahawa ya watu wa Kimuli ilifika Bukoba salama, wakanisifu. Sifa zenyewe sikuzisikia. Kutoka pale hadi Kyaka nilikuwa napima kichwani. Mwanamume akienda kukojoa anachukua muda gani? Na habari ya waya inasemwa kwa pumzi ngapi? Basi muda uliobaki mlisema nini?

Nilikuuliza Kyaka. Nilikuuliza Bukoba. Nilikuuliza Krismasi, na kwenye harusi ya Kemilembe nilikuuliza tena, wageni wakiwa wanacheza. Jibu lako likawa lile lile. "Ya mipira tu, mume wangu." Kisha unatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande ule mmoja ndio uliokuwa unaniua.

Sasa nikuambie nilichokifanya. Matanga yako yalipokwisha nilipanda basi mpaka Kamachumu. Yupo. Nywele zimekwisha, pale penye njia katikati sasa ni uwanja. Meno kabakiza machache kuliko mimi, na hilo lilinifariji sana. Akaniamkia shikamoo, nikaipokea bila haraka. Nikamuuliza, siku ile uani kwangu nilipotoka kidogo, ulimwambia nini mke wangu?

Akafikiri, mkono kidevuni. Lori alilikumbuka. Alikumbuka kamba ya mlangoni, pampu iliyokuwa ikivuja, hata boliti moja iliyokatikia ndani. Kisha akaniangalia na kuniuliza, "Kwani mzee, wakati ule ulikuwa umeoa?"

Nilitaka kumchapa fimbo. Maisha yangu yote nimekulinda na mtu yule, na mpumbavu yule hata sura yako hakuibeba! Nilipodhani anakutamani nilimchukia kwa kiasi. Siku ile nilimchukia kweli kweli. Atasahauje? Mbawa za senene zilikuwa zimekunasa kwenye nywele, huna habari. Mguu wa senene ukikataa kung'oka, wewe ulikuwa unajiuma mdomo wa chini, umekasirika kama umetukanwa. Mimi nayajua haya kwa sababu fundi akiinua kichwa nilikuwa namchunga yeye, na akikiinamisha nilikuwa nakutazama wewe. Yeye kwangu alikula senene. Chakula chenyewe hakukiona.

Lakini usidhani umepona. Yeye amesahau upande wake, wako uko nao huko. Nikifika nitakuuliza tena, na jibu ulitoe kwa mdomo wote, pande zote mbili.

Siku hizi natoka kukojoa kila saa, ndio mwili wa uzee. Na kila nikirudi bado nachungulia kwanza mlangoni, polepole, kama zamani, nione nani amekuja kukusemesha. Kigoda kipo. Mkeka upo. Hakuna hata mtu mmoja wa kumkoholea.

Lala, mke wangu. Ikitokea fundi yeyote huko akataka kukufundisha, mwambie ya mipira unaijua.

Mimi mumeo, ninayechunga bado,
Baba Kemilembe