Udi Ulioungua

Jumatatu, 8 Juni 2020

Nimegombana na Rama wa dukani. Nimemrudishia liwa yake, unga wa msandali wa kusingia, mbele ya watu, nikamwambia ameniuzia maranda — hainukii hata chembe! Akainusa, akawapa na wateja wainuse. Wote wakanitazama mimi. Akasema kwa upole, labda ni hiyo barakoa, mama.

Nimerudi nyumbani nimefura. Nikafungua marashi. Hakuna kitu. Karafuu — hakuna. Nikachoma kipande cha udi nikauinamia mpaka machozi yakanitoka. Hakuna! Kichwa kinanigonga tangu juzi, nami nilidhani ni jua.

Jumanne, 9 Juni

Leo nimeanza kumsinga bi harusi, Jalila. Nikaha ni Jumapili, watu wachache tu, amri ya serikali. Ningeweza kusema naumwa. Lakini Likoni nzima wananijua kwa pua yangu. Msinga maharusi asiyesikia harufu, nani atamwita? Nikaenda.

Liwa na marashi nimechanganya kwa kukisia. Nimemsugua mikono, shingo, mgongo. Barakoa nimeivua, maana Jalila alisema namtia hofu kama daktari. Kisha chetezo. Udi ukaungua juu ya makaa, nami nimekaa palepale, sina habari. Chumba kizima kikakohoa. Bibi yake, Bi Mwanakombo, akanishika mkono: "Mwanangu, udi huu umeungua. Weye huusikii?"

Nikamwambia ndivyo unavyochomwa siku hizi, udi wa Omani. Wallahi nimesema hivyo! Bibi wa watu akacheka, akaniamini. Akataka na yeye nimsinge mikono, akumbuke ujana wake. Nimemsinga kidole kwa kidole, uso wangu karibu na wake.

Alhamisi, 11 Juni

Kafedha, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, amepita na kipaza sauti. Mwenye homa, kikohozi, asiyesikia harufu wala ladha — aje uwanja wa shule apimwe korona. Nilikuwa naanika leso. Nikajificha nyuma ya leso, mtu mzima mimi! Akaniona.

Bi Mwanasaumu, hujambo wewe?

Sijambo kabisa, nikamwambia, hata samaki wa jirani namsikia mpaka huku. Jirani akatoa kichwa dirishani akasema anapika maharagwe. Kafedha hakucheka.

Kwa kina Jalila sijarudi tangu juzi. Nimewaambia mgongo unauma. Wamenitumia salamu na haluwa.

Ijumaa, 12 Juni

Nimevuka feri, nikaenda kupimwa Changamwe, huko wasikonijua. Nimejifunika ninja, macho tu nje. Nikajiona mjanja. Sikufikiria kwamba kijiti kinaingia puani!

Fungua uso, mama. Foleni nzima inatazama. Kijiti kikaenda sijui mpaka wapi, nikapiga chafya, nikatokwa na machozi na makamasi hadharani. Yule aliyenipima akauliza nafanya kazi gani, nimekuwa karibu na nani. Nimesema nashona nguo, naishi peke yangu. La pili ni kweli. Naona haya hata kuliandika.

Jumapili, 14 Juni

Nikaha imepita. Sikwenda. Jalila amenitumia picha — mzuri, mashallah. Bi Mwanakombo amekaa katikati, kitambaa mdomoni. Nimeikuza picha nikamtazama. Nimezima simu.

Jumatatu, 15 Juni

Wamepiga wale wa Changamwe. Ninayo korona.

Nikusanye nguo, gari litakuja kunichukua, Kafedha ndiye atakayelielekeza. Wakauliza tena nimegusana na nani. Nikasema sisikii vizuri, mtandao mbaya.

Sijakaa vizuri, Mama Jalila akapiga. Sauti ya chini. Mama yake, Bi Mwanakombo, hapumui sawasawa tangu jana, kifua kinamkoroma. Nikafungua mdomo nimwambie — nilitaka, Mungu shahidi — lakini akawahi. Hospitali hawampeleki, watu wakienda huko siku hizi hawarudi. Na ya nini? Wanajua ni ule moshi wa udi, wanampa maziwa ya moto na asali. Nisijione nimelaumiwa, dada. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka nipigiwe, anahofia nitasikia kwa watu nione vibaya.

Akampa simu. Kwanza pumzi tu, akiivuta. Halafu: "Usione haya, mwanangu. Moshi tu huu. Utatoka."

Nimejibu, inshallah utapoa, bibi. Nikakata. Nimekata mimi! Mimi niliyemsinga vidole vyake. Wanamnywesha maziwa kwa ajili ya uongo wangu, na mimi nimemwombea apoe.

Gari limefika. Watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Kafedha yuko dirishani, haruhusiwi kuingia. Anauliza polepole, watu wasisikie: Bi Mwanasaumu, niambie mimi, kuna uliyemgusa?

Nimemwambia angoje kidogo, navaa buibui.

Buibui ninalo mwilini tangu asubuhi.