Uji wa Baba Haukukufikia

Mama,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara tatu nimeinuka kuchungulia dirishani bila kujua natafuta nini. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kutembea. Basi niseme moja kwa moja kabla sijainuka tena: nilimdanganya Baba. Nilimwambia kwamba ulikataa uji wake.

Unazikumbuka siku zile wodini Kisii. Ulikuwa ukiharisha wiki ya pili, nami nilikuwa muuguzi mgeni, kofia ingali ngumu kwa wanga. Sheria ilikuwa tumbo linaloumwa lipumzishwe: maji ya glukosi tu, chakula hapana. Siku ya tano ukanishika gauni ukasema, "Moraa, nipe hata uji." Nikakukaripia kama mtoto, wewe uliyenilisha kwa mkono wako.

Hukujua kwamba asubuhi hiyo hiyo Baba alikuwa mlangoni na themosi. Alikuwa ametoka nayo nyumbani Nyamache, ndani uji wa wimbi alioupika mwenyewe, mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kukaa mekoni. Ulikuwa na madonge, Mama, ungecheka. Mimi nilimwogopa sista mkuu, tena niliona haya kubishana na Baba mbele ya watu. Nikatafuta njia ya mkato. "Mama amekataa," nikasema. Akaitazama themosi yake, akaondoka nayo. Kesho yake ukatuacha.

Tangu hapo Baba anaamini uliondoka umemkasirikia. Ile chai mliyoipanda baada ya Uhuru sasa inachumwa, na kila akirudi kutoka kituo cha kuuzia majani husema, "Mke wangu alikuwa amenichoka." Nami hujifanya naosha vyombo.

Mwezi uliopita nilipelekwa masomoni. Mwalimu aliweka kipande cha utumbo mwembamba wa panya chini ya hadubini, nikaona vidole vidogo vimesimama, vimesongamana. Kwenye vishimo vilivyo chini yake ndiko seli changa huzaliwa. Hupanda polepole, hukomaa, hufika nchani zikadondoka, yote hayo kwa siku chache. Ni kama migomba ya nyuma ya nyumba: mkubwa ukianguka, chipukizi limeshasimama. Lakini seli hazijiamulii. Mwili una vichochezi vya ukuaji, ujumbe unaoiambia seli hii igawanyike, ile ikome, nyingine ianze kazi ya kufyonza chakula. Mwalimu akasema chakula chenyewe husaidia kuuamsha ujumbe huo. "Utumbo ukikaa mtupu," akasema, "vidole vyake hunywea."

Nilitoka kabla hajamaliza. Nikazunguka uwanja mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikarudi nikamwuliza mwalimu: mgonjwa aliyeharisha wiki mbili, angepewa uji, angepona? Akasema mengi bado hayajulikani, vichochezi vyenyewe vimetambuliwa vichache tu, na si kila ugonjwa hutibika kwa chakula. Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana, nikapate kulala. Labda ungekufa tu, Mama. Lakini kuhusu Baba sina labda. Huko hakuna sheria ya wodi ya kujifichia. Ni mdomo wangu uliosema.

Sasa niko nyumbani kwa likizo. Kesho ni Sabato. Tukitoka kanisani nitamwomba Baba tukae wawili, nimwambie kwamba uji wake uliishia mlangoni na aliyeuzuia ni mimi. Huenda asinisemeshe mpaka likizo iishe. Huenda anifukuze. Naogopa. Lakini nakuahidi, sitamwacha azeeke na kosa langu.

Pumzika, Mama. Hukumkataa. Ulikuwa na njaa, na kesho nitamwambia hivyo.

Mwanao,
Moraa