Karibu, Kaa Kwanza

Mpendwa Mama,

Jana nilifika nyumbani Kaagya. Dada anakuja kupalilia kibanja kila anapopata nafasi, na migomba inapendeza. Nimekuja kukushukuru, jambo ambalo ulipokuwa hai hukunipa nafasi ya kulifanya. Ukishukuriwa ulikuwa unajibu, "Waitu, mwanangu, kula kwanza."

Unakumbuka siku nilipokuletea ile flashi? Kompyuta aliyotuachia baba, Tata wetu, ilikuwa imechoka. Mpaka iwake, maharage yameiva. Mimi na wenzangu wa Hamugembe, kule mjini, tulikuwa tunaandaa flashi za kusakinisha Linux, mfumo wa bure unaofufua mashine kama hiyo. Tulitaka hata asiyewahi kushika kompyuta aweze kuuweka mwenyewe, nikakuchagua wewe uwe wa kwanza kujaribu.

Kioo kikawaka na kukuuliza: ufute diski yote, au uigawe? Ukaondoa mkono kama umegusa sufuria ya moto.

"Picha za baba yako ziko wapi?"

"Ziko kwenye diski, Mama."

"Hiyo hiyo inayotaka kufutwa?" Ukacheka kile kicheko chako cha hasira. "Mwanangu, mgeni hujampa hata kahawa ya kutafuna, unamtaka agawe kibanja?"

Picha zile hatukuwa nazo mahali pengine popote. Tata na ndoo yake ya senene, Tata siku ya ndoa yenu kanisani. Ungebonyeza tu, tungempoteza mara ya pili.

Niliporudi Hamugembe nikawaeleza wenzangu, wakacheka sana, kisha tukaanza upya. Flashi ikaacha kuuliza maswali mlangoni. Ikawa inamwacha mtu azunguke, aandike, asikilize nyimbo, bila kugusa chochote chake, halafu inamsaidia kuhifadhi vitu vyake kabla ya kusakinisha. Nilipokuja tena kwako, maneno ya mwanzo uliyatunga wewe, huku unamenya ndizi: "Karibu, kaa kwanza. Hakuna kitakachofutwa mpaka useme mwenyewe." Safari ile ulibonyeza bila woga, na picha zote za Tata zikabaki salama.

Sasa flashi hiyo imefika hadi visiwa vya Muleba. Mama mmoja muuza dagaa alinipigia simu: "Huyu anayenikaribisha humu ni nani? Anaongea kama watu!" Nikamwambia ni mama yangu. Nililia baadaye, sikufichi, ila nililia kwa furaha zaidi kuliko majonzi. Asante, Mama. Kazi yangu yote imesimama juu ya ukali wako wa siku ile.

Jana nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyetoka jikoni kunipokea, nikasimama katikati ya sebule na begi langu begani, sijui nikae au nirudi mjini. Nikaifungua kompyuta ya Tata pale mezani, nikachomeka flashi ya zamani. Kioo kikaandika: Karibu, kaa kwanza.

Nikakaa.

Pumzika, Mama. Nimeshakula.

Kitindamimba wako