Mbegu Iliyopita Upande Wako

Mwalimu Chacha,

Usicheke mwandiko. Ni mimi Otieno, bingwa wa ajua, bao letu la mbegu, Uriri nzima, na mkono huu uliushikisha kalamu wewe mwenyewe nikiwa na mvi tayari. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu wewe Mkuria na mimi Mjaluo hatukuwahi kuwa na lugha nyingine ya kugombania.

Mvua hii ya El Nino ilibomoa ukingo wa kaburi lako. Tumeujenga tena, mimi nikisimamia, kwa hiyo umenyooka. Bibi yako hajambo. Lakini sikushika kalamu kwa hayo. Ni ile namba yako.

142857. Uliichora mchangani ukaniambia niijumlishe na yenyewe. Mimi, kwa vile kalamu hunisumbua, nikaipanga kwenye ubao wa ajua: mashimo sita ya upande wangu, kila tarakimu na mbegu zake. Shimo likifika kumi, natoa zote kumi, naweka moja shimo la kushoto. Ikatoka 285714. Nikaongeza tena: 428571. Watu ni walewale, wamebadilishana viti tu! Mara nne, mara tano, mara sita, ni wao. Nikakuambia namba hii haifi. Ukasema, "Jaribu saba, mzee kichwa ngumu." Nikakataa. Ukaniambia tena pale hospitalini Homa Bay, sauti imebaki kidogo. Nikakataa. Nilifikiri nikikunyima jibu hutaondoka.

Umeondoka.

Juzi nikajaribu. Saba: tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Mwalimu, nilizihesabu upya. Wale sita wote wamekwenda, hakuna hata mmoja. Ulikuwa sawa. Nimeandika mara moja, sirudii.

Lakini mimi si mtu wa kuachia hapo. Nikaongeza ya nane. Mashimo yote yakajaa, na mbegu ya mwisho ikakosa shimo la kushoto. Mkono wangu, kwa mazoea ya mchezo, ukaipeleka upande wako, shimo kwa shimo. Hakukuwa na mtu wa kuiokota. Ikazunguka mpaka ikarudi kwangu, shimo la kulia kabisa. Nikahesabu.

142857. Wote, kwenye viti vyao vya kwanza!

Salim wa duka la nguo akaleta kalkuleta yake. Inasema mara nane ni 1142856. "Mzee, hiyo mbegu ni milioni nzima! Unaizungushaje halafu unaiita moja?" Nikamwambia kalkuleta haijui ajua. Lakini Mwalimu, hata mara ya tisa nimezungusha, ikaja 285714. Kumi, ikaja 428571. Kama ninakosea, mbona kosa langu linafika nyumbani kila mara? Salim anajua kukataa, hajui kueleza. Wewe ungenieleza. Ungenitukana kwanza, halafu ungenieleza, na mimi ningekataa mpaka jua lizame.

Sasa nina jibu na sina mtu wa kunipinga vizuri.

Basi pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi nitaongeza mpaka kumi na nne, nione kama zile tisa zitakuja tena. Na kila mbegu itakayopita upande wako nitaipitisha polepole. Ukitaka kuizuia, izuie.

Otieno