Gerezani Hakuna Taka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku nzima ofisini Posta, nalinganisha nchi zinavyopanga taka zao za mionzi. Kichwa kinagonga. Marekani wanaangalia zaidi taka imetokea wapi. Ufaransa wanauliza ina nguvu kiasi gani na itachukua muda gani kufifia. Na mafuta ya kinu cha nyuklia yakishatumika — huyu anaita taka, yule anasema hapana, hiyo mali, tutaichakata. Ikishaitwa mali, kwenye taka haihesabiwi. Ujanja ujanja tu!

Bosi, Heriel, kataka niongeze na sisi: vitu vya mionzi vilivyotelekezwa, vimeripotiwa vingapi hapa nchini.

Jumatano, 11 Juni

Nimepita Gerezani kwa mjomba Uledi, dukani kwake kwa spea na chuma chakavu. Shikamoo, marahaba, soda. Mteja anamsubiri fundi, kakalia kidude kizito, rangi ya njano imechubuka. Nikainama kufunga kiatu — ile alama ya mionzi. Panga tatu nyeusi, kama za feni. Na kifuniko kimelegea.

Nikauliza kimetoka wapi. Mjomba kasema kimekuja na vyuma vya kampuni ya barabara iliyofunga, ndani kuna madini ya risasi, atampata wa kuyeyusha. Nikasema si taka hiyo, mjomba? Kacheka. Gerezani hakuna taka, mwanangu, hiyo mali.

Nikamaliza soda, nikaondoka.

Alhamisi, 12 Juni

Heriel kauliza tena. Nimemjibu: vilivyoripotiwa, hakuna. Si uongo — hakijaripotiwa. Ila wa kuripoti ni mimi. Nikisema, duka linafungwa, na Gerezani nzima itajua mjomba kachongewa na mpwa aliyemlea mwenyewe. Naona aibu. Hata kioo nimekikwepa leo.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwenye simu, niko dukani. Nilikuja kumwambia.

Nimemkuta Maimuna, binti wa mjomba, na mimba yake ya miezi saba, kakaa palepale, juu ya kile kidude. Nikamshika mkono: njoo mlangoni, kuna upepo. Kahama bila swali. Kasema dada Nasma, wewe unanijali.

Mjomba anaongea na simu, anamwelekeza mtu wa kuyeyusha. Kashafika Msimbazi, hapo jirani.

Mama Violeth, muuza chapati, kaweka hotipoti chini, kaomba apumzishe miguu kidogo. Kakaa alipotoka Maimuna. Kaniuliza nitakula ngapi.

Nimesema mbili. Bado amekaa.