Mita Moja na Nusu

Jumatatu, 6 Mei

Nimerudi kazini. Siku ya kumi na moja tangu shimo limfukie mdogo wangu. Maabara nzima wananibeba kama yai — hata ndoo ya udongo sikuachiwa kuinua. Pole, pole, pole. Nimechoka na pole!

Kofia yake bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani ameandika FUKO kwa kalamu nene. Jina alijipa mwenyewe, la yule mnyama anayechimba chini kwa chini. Miaka tisa alituchimbia mashimo ya uchunguzi, mita mbili kwenda chini, kingo zimenyooka kama ukuta, ili sisi wataalamu tushuke tusome matabaka. "Nyie mnasoma tu, kitabu nafungua mimi." Alikuwa na maneno huyo!

Nimeingia nayo chooni nikaivaa. Nimelia huko huko.

Jumanne, 7 Mei

Kikao. Mkuu wa maabara amesoma ripoti ya ajali: kingo ziliporomoka kwa sababu mchimbaji hakuweka mbao za kuzizuia. Mbao zilikuwa kwenye gari. Akafunga faili, akasema ndiyo hivyo, sikio la kufa halisikii dawa. Watu wakaguna.

Na mimi nikaguna. Mimi!

Jumatano, 8 Mei

Niandike, maana hapa hasomi mtu.

Siku moja kabla ya ajali nilitangulia na ile kekee ndefu ya kutobolea ardhi, kuangalia udongo ukoje kabla Fuko hajachimba. Juu, sentimita thelathini: mweusi, mizizi tele, tifutifu. Chini yake mfinyanzi. Nikaulowesha, nikaukanda kiganjani, nikausukuma kwa kidole gumba. Ukatoa utepe mrefu bila kukatika. Udongo wa kushikana kweli.

Kwenye mita moja na nusu kekee ikagonga jiwe. Kazi inataka uhame hatua mbili, uanze tena. Wingu lilikuwa limetanda. Mgongo uliniuma. Nikaandika kwenye fomu: mfinyanzi, hadi mita mbili. Nusu mita ya uongo. Nani angejua?

Kesho yake, mbao zikiwa bado garini, Fuko akaniuliza: "Dada, udongo huu unasimama wenyewe?" Nikamwambia unasimama, mbao za nini, tutachelewa.

Mbao za nini. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Dereva alikuwa amesinzia kwenye usukani, hakusikia. Tulikuwa wawili tu, na mmoja hayupo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepita kwa wifi. Nguo zote za Fuko ziko kwenye magunia mlangoni. Picha ya harusi ameigeuzia ukutani. Hajalia tangu mazishi, ana hasira tu. Ati mtu ana mke, ana mtoto wa miaka sita, halafu aone uvivu kushusha mbao nne? "Alituacha kwa ukaidi, wifi. Nitamsamehe siku nyingine. Leo siwezi."

Na binti akimuuliza habari za baba, anamjibu hivyo hivyo: alikuwa mkaidi.

Fuko mkaidi! Mtoto aliyekuwa akiniomba ruhusa hata ya kunywa maji! Nilitaka kupiga kelele. Nikala nilichoandaliwa, nikashukuru. Wakati wa kuondoka akanishika mkono, akanitania kama zamani: mawifi wote ni nyoka, ila wewe Mungu amenibakishia.

Sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 13 Mei

Nimerudi kule shimoni peke yangu. Upande ulioporomoka sasa ni mteremko, unashukika. Nimekwangua ukuta kwa kisu. Mfinyanzi, mfinyanzi, mfinyanzi. Halafu, mita moja na sentimita sitini, kisu kikaingia chenyewe. Mchanga. Umelowa, chembe za duara, zimesuguliwa na maji.

Mto ulipita hapo zamani, ukaacha mchanga wake, ukahama. Mafuriko yakaja kuufunika kwa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, maelfu ya miaka. Mvua ya usiku wa kuamkia ajali ilipoingia, mchanga ukateleza na mfinyanzi wa juu ukakosa pa kukalia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua hilo. Angehama hatua mbili tu.

Nyumbani nimetia udongo wa mita ile kwenye chupa, maji, sabuni ya unga kidogo, nikatikisa, nikaweka dirishani. Nikahesabu kwa saa. Mchanga ulikuwa umeshatua wote kabla dakika haijaisha.

Dakika moja! Mdogo wangu alikosa dakika moja yangu.

Jumatano, 15 Mei

Nimefika mlangoni kwa mkuu mara mbili. Mara ya pili nikaingia. Nikaazima stepla.

Chupa: zile chembe laini kama unga zimeshatua juu ya mchanga. Mfinyanzi bado unaelea. Huo hauna haraka.

Jumamosi, 18 Mei, mchana

Wifi yuko hapa. Amekuja na gunia la mwisho, buti za Fuko, anauliza kama kuna kibarua kazini zinazomtosha. Hataki kuziona kwake. Kisha akaingia jikoni kunioshea vyombo, ingawa nimemkataza. Nikasikia: "Haya maji machafu dirishani nimwage?"

Nikapiga ukelele. Usimwage! Hata mimi nilishtuka. Akaiweka chupa mezani polepole, akaniangalia.

Nimejifanya nakuja chumbani kutafuta miwani. Miwani ninayo usoni. Nilichochukua ni ile fomu, nakala yangu, yenye mwandiko wangu na sahihi yangu. Naandika hapa kwanza, kabla sijatoka nayo.

Nikimwambia, atageuza ile picha. Atalia hatimaye, atamlilia Fuko wake. Na hatanitania tena maisha.

Kupitia upenyo wa mlango namwona. Amevuta kiti, amekaa mbele ya chupa, mikono ina povu bado. Maji ya juu yameshaanza kung'aa. Anahesabu matabaka kwa kidole, kama Fuko alivyomfundisha.

Anaita. "Wifi, huu mchanga wa chini umetoka wapi?"

Nimeitika. Nimesema nakuja.